Kuwashwa Huko Chini Si Kesi

Kemisti yoyote ya mtaa, kuanzia Kayole hadi Kawangware, hii kitu hufanyika kila jioni. Msee anaingia, anacheki kama kuna madem kwa laini, anajifanya anasoma bei ya dawa ya meno. Watu wakipungua anasonga kwa kaunta, anainama, sauti inashuka: "Daktari, nipee ile krimu ya kuwashwa." Haulizwi anawashwa wapi, na yeye hasemi. Analipa, anasunda krimu kwa mfuko wa longi, anahepa. Dakika mbili zimeisha. Muuzaji hajauliza, mgonjwa hajaongea, na hiyo krimu imeuzwa inaweza kuwa ndio itamharibia zaidi.

Nataka tubonge kuhusu hizo dakika mbili, juu zinaumiza maboi wengi bure.

Pale base hakuna stori hatugusi. Arsenal, bei ya petroli, nani ameachwa, nani amelemewa na Fuliza. Msee akivunjika mkono anatuonyesha plasta ka medali. Lakini ngozi ya huko chini ikianza kuwasha, kimya. Juu kwa akili za mtaa, kuwashwa huko ni kitu moja tu: ulilala na mtu hukufaa kulala naye. Shida ya ngozi inageuka kesi, na msee anaanza kujitetea kabla ata hajashtakiwa.

Wacha niiseme mapema ndio iingie. Fangasi ya uume si ushahidi wa kuhanya. Madaktari hawaihesabu kati ya magonjwa ya zinaa. Inaweza kupita wakati wa mechi, ndio, lakini msee hajawahi guswa na mtu maishani anaweza amka nayo Jumatatu asubuhi.

Kenye huileta mara nyingi ni yisti inaitwa Candida albicans. Haitoki mbali. Iko mdomoni, iko kwa matumbo, iko kwa ngozi, na siku nyingi haina neno na mtu. Mwili ni ka ploti: kuna bakteria wazuri wameshika vyumba vingi, na fangasi amebanwa kwa kachumba kake pale nyuma. Ukifukuza hao majirani, ama ukijaza joto na unyevu kwa hiyo ploti, fangasi anajipanua. Hapo ndio unaanza kujikuna kwa mat ukijificha na bag.

Madem wanaijua hii stori kitambo. Karibu watatu kati ya wanne huipata angalau mara moja kwa maisha yao, na wanachapiana: siz anamshow siz, mathe anamshow msichana wake, beste anajua ni dawa gani ilisaidia. Boychild hakuna mtu alimkalisha chini. Aliambiwa tu akuwe mwanaume.

Sasa inakaanga aje? Kwa uume, shida hukalia kichwa na ile ngozi ya karibu, na kwa msee hajatahiriwa, chini ya govi. Inaanza na kuwasha ama kuchomeka. Ngozi inakuwa nyekundu, na kwa ngozi nyeusi sana hiyo wekundu inaweza kuonekana ka zambarau ama ka sehemu imeiva tu kuliko zingine. Unaweza ona tudoa tudogo, sehemu zinang'aa ka zimepakwa mafuta, na chini ya govi utando mweupe mzito ka maziwa yameganda. Kunaweza kuwa na harufu. Ngozi inaweza pasuka mikwaruzo midogo, na mkojo ukipita hapo, manze, unachoma. Mechi inauma. Wengine govi linavimba hadi kulirudisha nyuma ni ngori.

Hapo ndio wengi hukosea, juu kuna vitu zingine zinaishi mtaa moja na hiyo na dawa zao ni tofauti kabisa. Ukiona usaha unatoka kwa tundu la mkojo, wa manjano ama wa kijani, hiyo ni stori ya gono ama kitu inafanana nayo, na krimu ya fangasi haitaifanya chochote. Kidonda kimoja kigumu hakiumi kabisa, shuku kaswende, na usifurahi juu hakiumi. Malengelenge madogo yamejipanga kwa kikundi, yanapasuka na kuacha vidonda vyenye uchungu, hiyo ni hapisi. Kama unawashwa zaidi usiku, uko na vipele katikati ya vidole na kwa viwiko vya mikono, na roommate pia anajikuna, hiyo ni upele, na keja yote inafaa kutibiwa.

Halafu kuna ile ya mapajani. Wasee wa mpira na wa jimu wanaijua: duara kwa ndani ya paja, kingo zimeinuka, zina magamba, katikati kunaanza kupoa. Hiyo pia ni fangasi, lakini si yisti. Ni ndugu ya mashilingi. Mara nyingi inaruka korodani, haizigusi. Yisti ikishuka huko haichagui: inashika mapaja na korodani pamoja, na inatawanya vidoa vidogo pembeni. Hii tofauti inabeba pesa yako. Griseofulvin, zile tembe watu hupewa kwa kila fangasi, inaua ya mashilingi lakini Candida haiigusi. Unaweza imeza mwezi mzima na uwashwe mwezi mzima.

Na kuna wasee wanapanik bure kabisa. Vile vipele vidogo vya rangi ya ngozi vimejipanga mstari kuzunguka shingo ya kichwa, haviwashi, haviumi, havibadiliki? Hayo ni maumbile ya kawaida tu. Si ugonjwa. Usizipake kitu, na usijaribu kuzikamua.

Turudi kwa fangasi yenyewe. Inatoka wapi? Chukua msee wa boda. Anakalia kiti saa kumi na mbili, longi ya jinzi, ndani boksa ya nailoni, juu koti zito la mvua. Jasho halina pa kwenda. Ama comrade wa hosteli, taulo moja watu watatu. Ama wewe na bedsita yako Roysambu, Julai, jua limekataa, nguo zimeanikwa kwa kamba ndani ya keja siku mbili na bado hazijakauka, na asubuhi unadunga boksa yenye ina unyevu juu huna ingine. Hii si uchafu. Enyewe wasee wengi wanaopata hii kitu ni wasafi, na wengine ndio wanajiosha kupita kiasi: sabuni ya kufulia, dawa ya kuua viini, kusugua na kitambaa kigumu. Ngozi ya hapo ni laini. Ukiichubua na sabuni kali unaiachia fangasi mlango wazi, na saa zingine hakuna ata fangasi, ni hiyo sabuni yenyewe imekuchoma.

Lakini sababu inaniuma zaidi ni antibiotiki, juu hii tunajifanyia wenyewe. Msee anaskia kuchomeka, anagwaya, anadhani ni gono. Hataki kupimwa. Morio anamshow jina la tembe zenye zilimsaidia yeye mwaka jana. Anaenda kununua, anameza siku mbili, kuchomeka hakupungui. Sasa cheki venye imeenda: ilikuwa fangasi tangu mwanzo, na antibiotiki haziui fangasi. Zimeua wale bakteria wazuri walikuwa wamemshikilia. Kuwashwa kunapanda. Msee anaona, aah, gono yangu ni ya ile sugu, ananunua kali zaidi. Na akiwa kweli na gono, hizo tembe za nusu dozi zimemfunza huyo mdudu kuishi nazo. Mwezi umeisha, ganji imeisha, na mtu bado anatembea ka amekalia moto. Kipimo cha kwanza kingemaliza hiyo stori yote.

Ndugu ya hiyo makosa ni ile krimu ya dakika mbili. Kuna krimu za mchanganyiko zimejaa kwa rafu za mtaa: ndani kuna dawa ya fangasi, antibiotiki, na steroidi kali ka betamethasone. Soma jina kwa paketi. Steroidi inatuliza kuwasha haraka, usiku huo huo unalala, na unaapa umepata dawa ya ukweli. Kenye imefanya ni kunyamazisha ngozi. Fangasi wanaendelea kusambaa chini ya hiyo kimya, na ukiacha kupaka wanarudi na nguvu. Ukiendelea miezi, ngozi ya huko inakuwa nyembamba, inapata michirizi ya kudumu, inachanika kirahisi. Daktari anaweza kukupea steroidi nyepesi, haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa siku chache kama uvimbe umezidi, akiipanga pamoja na dawa ya fangasi. Hiyo ni tofauti na kujinunulia kali ukiwa na haraka.

Dawa yenyewe ni ya kawaida sana, hadi inasikitisha venye watu wanazunguka. Klotrimazole ya asilimia 1, krimu yenyewe pekee, bila mchanganyiko. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha vizuri, paka safu nyembamba mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Kama uko na govi, rudisha nyuma polepole, osha chini yake kwa maji tu, kausha, paka, halafu ulirudishe mbele. Hiyo ya mwisho usisahau: govi likikwama nyuma na kuvimba, damu inabanwa, na hiyo ni emajensi ya saa hiyo hiyo. Wiki ya kwanza utaskia nafuu, lakini usiache siku kuwasha kumeisha. Nenda hadi siku saba, mpaka kumi na nne, venye umeambiwa. Mikonazole ya asilimia 2 inafanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa imekuwa kali, daktari anaweza kukupea flukonazole, tembe moja ya miligramu 150, unameza mara moja basi. Mwambie dawa zingine unameza, hasa za kuzuia damu kuganda ama za kifafa, na kama ini lako lina shida, juu flukonazole huingiliana na hizo vitu.

Vitunguu saumu, ndimu, siki, spiriti, chumvi ya mawe: wacha kabisa. Najua kila mtaa uko na buda mmoja anaapa kwa mojawapo. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi ya mkono ukikifunga hapo, sasa fikiria huko. Wasee wameenda hospitali na vidonda vya dawa ya nyumbani, fangasi wenyewe walikuwa kitu kidogo.

Ukiwa unatibiwa, mechi ipumzishe hadi ngozi ipone. Kuna sababu mbili. Msuguano unachelewesha kupona, na krimu nyingi za fangasi ziko na mafuta yanaweza kulegeza mpira wa kondomu, kwa hivyo ile kinga unaitegemea inaweza kupasuka. Dunga boksa za pamba, zenye hazibani. Ukitoka jimu ama ukinyeshewa, badilisha ukifika keja, usilale nazo. Boksa zianikwe juani, na kama hakuna jua, zipige pasi hadi zikauke kabisa. Taulo kila mtu na yake.

Sasa stori ya dem wako, yenye najua ndio imekuweka kimya. Huyu mtu hufai kumficha, juu yeye pia anaweza kuwa nayo, na mkipitishiana itakuwa ni ping-pong ya kila mwezi. Usianze na kuomba msamaha, hujafanya makosa. Mwambie tu venye iko: "Beb, nimepata fangasi huko chini, nimeanza krimu leo, nimeambiwa tupumzike kidogo. Wewe uko fiti? Huwashwi, huoni uchafu mweupe mzito?" Akiwa na dalili aende acheki pia, mtibiwe pamoja. Kama hana, kwa kawaida hahitaji dawa. Akiuliza "umetoa wapi?", hilo si swali baya, ana haki ya kuuliza. Mweleze: antibiotiki za wiki jana, nguo mbichi, joto la kazi, chochote unaona imechangia. Na kama ni ukweli kuna mechi ingine hukumshow, basi hiyo ni stori tofauti na inahitaji kipimo tofauti, nyinyi wote wawili. Usiifiche nyuma ya fangasi.

Kwa kaunta pia, jaribu sentensi moja ndefu kidogo. "Daktari, naomba tubonge kando. Nawashwa kwa kichwa cha uume, siku nne sasa, kuna utando mweupe, hakuna usaha, sijameza antibiotiki." Hapo umempea kazi yake yote. Muuzaji mzuri atakupeleka pembeni, atauliza maswali, na akiona dalili haziingiani atakutuma hospitali badala ya kukuuzia. Akianza kucheka, ama akupee mchanganyiko bila kuuliza, beba ganji yako uende kemisti ya pili.

Kuna siku hufai kwenda kemisti kabisa, unaenda hospitali moja kwa moja. Mkojo umekataa kutoka. Govi limekwama. Una homa na uvimbe unapanda. Kuna kidonda, damu ama usaha. Ama umepaka dawa sahihi wiki mbili na hakuna kitu imebadilika. Huko watachukua sampuli kwa kijiti cha pamba na kuicheki kwa darubini, haiumi venye watu husema. Na kama mbuyu wako nyumbani ako na doa ama uvimbe kwa uume haujapona kwa wiki kadhaa, usimwachie aibu yake. Mpeleke. Saratani ya uume ni nadra, lakini huanza ikifanana na vitu za kawaida.

Kitu kuhusu tohara, juu huku kwetu hiyo ni stori yenye moto. Ni kweli hii shida hushika zaidi wasee hawajatahiriwa, juu chini ya govi kuna joto na unyevu. Lakini msee ametahiriwa anaipata pia, na msee hajatahiriwa akiosha na kukausha vizuri anaweza asiipate maisha yake yote. Kumcheka mtu wa jamii isiyopasha tohara hakumponyi mtu yeyote, kunamfanya tu asiende hospitali. Kama inarudi na kurudi, daktari anaweza kukushauri kutahiriwa, na Kenya imekuwa na mpango wa tohara ya hiari ya hospitali tangu 2008, nguvu yake kubwa ikiwa Nyanza. Uamuzi ni wako.

Kurudi na kurudi, hapo ndio nataka ushtuke. Mara moja kwa mwaka baada ya antibiotiki, sawa. Lakini mara ya tatu miezi michache, bila sababu unayoiona, mwili unakuambia kitu. Kitu ya kwanza ni sukari. Sukari ikipanda kwa damu inapita kwa mkojo, matone yanabaki chini ya govi, na yisti inakula hapo. Kuna wasee wamejua wako na kisukari kwa sababu ya kuwashwa huku, kabla ya kiu, kabla ya kukonda, kabla ya kuamka mara nne usiku kukojoa. Na kama tayari mnaishi na mtu wa kisukari, jueni kuna dawa mpya zake, ka dapagliflozini na empagliflozini, zenye hufanya kazi kwa kutoa sukari na mkojo. Zinasaidia moyo na figo, lakini fangasi wa huko chini ni moja ya athari zake. Akiwashwa asiziache kimya kimya, amwambie daktari wake.

Kitu ya pili ni virusi vya Ukimwi, hasa kama kuna utando mweupe mdomoni pia. Kinga ikishuka, Candida ndio huwa kati ya wa kwanza kuonekana. Kipimo ni cha kidole, majibu yanatoka hapo hapo, ama ununue kile cha kujipima mwenyewe ukiwa keja. Ikitoka vibaya, dawa za ARV kwa vituo vya serikali hazilipishwi, na ukizimeza venye inafaa unaishi maisha yako yote ukiwa fiti.

Hizo vipimo mbili unaweza omba siku moja. Kwa ya sukari, omba ile ya kufunga: usile kitu kwa masaa nane kabla, maji tu, na ufike mapema asubuhi. Ikisoma 7.0 mmol/L ama zaidi wataipima tena siku ingine kuhakikisha. Na ukiulizwa mbona umekuja kupimwa sukari ukiwa kijana, sema ukweli: fangasi inarudi. Daktari ataelewa mara moja.